Wimbo wa Nne wa Ile ya Ngazi

Machi 4
Mhariri ametugawia kazi ya ukurasa wa Jumamosi. Kila mwandishi mkongwe aandike kuhusu albamu moja ambayo hajaichoka. Wa michezo amechukua rumba, wa mahakama amechukua kwaya. Mimi nikasema metali, muziki wa magitaa mazito, tena ile ya progresivu, yenye nyimbo ndefu na hesabu ngumu. Chumba kizima kikacheka.
"Wewe?" mhariri akasema. "Na viatu hivyo vya muuguzi?"
Nikamwambia maneno mia nane, mwisho wa Mei. Akakubali. Nadhani alitaka kuendelea kucheka.

Machi 7
Rasimu, ili nianze mahali.
Albamu ina nyimbo nane. Jaladani kuna ngazi ya zege ndani ya jengo lisilokwisha. Inapanda, inakata kona, inaishia hewani. Jina lake ni refu na la lugha tusiyoijua, kwa hiyo nyumbani tuliiita ile ya ngazi. Wapigaji walikuwa watano. Walitoa albamu hiyo, wakagombana, wakaachana. Sijui waliko na sijawatafuta.
Mdogo wangu ndiye aliyeileta. Alikuwa anajifunza kuchomelea vyuma, akabadilishana kofia yake ya kuchomelea na kanda hiyo. Akafanya kazi hivyo hivyo kwa kufinya macho, jioni anarudi yamewiva kama pilipili. Mama akasema, "Wenzake wananunua kelele kwa fedha. Huyu amenunua kwa macho."
Tulikuwa na jozi moja ya spika za masikioni, sikio moja langu, sikio moja lake. Mtaa unamwita Nyundo, na watu hudhani ni kwa sababu ya karakana. Ni kwa sababu ya ndoo. Alizigeuza ndoo zote za nyumba akawa anazipiga mpaka zikapasuka, tukawa tunateka maji kwa masufuria. Sasa ana ngoma za kweli. Anachomelea mageti siku za kazi, mwisho wa wiki anapiga kumbini kwenye sherehe za watu: moja, mbili, tatu, nne. Anasema ni kama kulipwa kwa kutembea.
Wimbo wa nne ndio kiini. Gitaa linahesabu saba kila mzunguko. Toazi la mpiga ngoma, juu yake, halijali. Linagonga moja, linaruka moja, sawasawa kama saa. Mzunguko wa kwanza linagonga pamoja na gitaa, kisha linaanza kuliacha. Mzunguko wa pili linaangukia kwenye mapengo, na asiyeuzoea hudhani mpigaji amepotea. Wa tatu wanakutana tena. Raha yote iko hapo: unajua watakutana, na bado unashika pumzi.
Nimesoma upya. Ni maelezo ya fundi, si ya mpenzi. Nitarudia.

Machi 9
Mvua. Wa mahakama amerudi mapema: kesi zote zimeahirishwa kwa sababu paa linavuja.

Machi 12
Nitaandika kama ninavyoandika ya wengine.
Leo asubuhi, karakanani, mdogo wangu alikuwa anachomelea geti. Sakafu ilikuwa na maji ya mvua ya jana. Waya wa mashine ulikuwa umechubuka. Umeme ulimshika. Fundi magari wa jirani alisikia kishindo, akakimbilia swichi kuu, akauzima. Moyo ulikuwa umesimama. Waliuamsha hospitalini. Ulisimama kwa muda gani? Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu.
Yuko kwenye mashine ya kupumulia. Mikono yake imefungwa bandeji.
Mama alikuwa sakafuni kwenye korido, amekataa kiti. Wifi, mke wa Nyundo, alikuwa amesimama na mfuko wa plastiki wenye viatu vya mumewe. Muuguzi alipouliza nani ataweka sahihi, alisema, "Mimi," akaweka. Hakulia. Naliandika hilo kwa sababu nimeliona.

Machi 13
Hajaamka.

Machi 15
Hajaamka. Mvua mchana kutwa.

Machi 19
Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kwa heshima. Ametuketisha watatu.
"Ubongo ulikosa hewa," akasema. "Moyo tumeurudisha. Ubongo siyo kitu ninachoweza kukirudisha."
"Ataamka lini?" mama akauliza.
"Mama, sijasema ataamka."
"Na hujasema hataamka."
"Sijasema."
"Basi," mama akasema, akajifunga kanga upya, kama mtu aliyeshinda kesi.
Daktari akasema tumsemeshe, tumletee sauti anazozijua. Hakuahidi kitu. Wifi akauliza maswali mawili, yote kuhusu vidonda vya mgongoni. Nikajiambia: huyu anauliza habari za mzigo, si za mume. Hawakuwahi kuelewana kuhusu ngoma. Ni yeye aliyezihamishia karakanani, na ile ya ngazi aliiita vurugu za mabati.

Machi 24
Leo nimepeleka albamu, ndani ya simu.
Muda wa kuona wagonjwa ni mfupi, alasiri. Chumba kina vitanda vinne na dirisha moja lisilofungika vizuri; maji yanaingia, mfanyakazi wa usafi anayasukuma kwa ufagio yarudi yalikotoka. Nyundo yuko kitanda cha mwisho, ukutani. Nafasi ni finyu. Ili nimfikie sikio inabidi niegemee kitanda. Nikamwekea spika moja, nyingine nikajiwekea, kama zamani. Nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa nne.
Mguu wake wa kulia ukaanza.
Chini ya shuka, unyayo ulishuka, ukapanda, ukashuka. Sawasawa. Nilidhani jicho langu linanidanganya. Nikahesabu. Haukufuata gitaa, na hapo ndipo mwili uliponisisimka, maana mtu wa kawaida angefuata gitaa. Mguu ulikuwa unagonga moja, unaruka moja. Alikuwa anapiga toazi. Kwenye mzunguko wa pili aliangukia mapengoni, kwenye wa tatu akakutana na gitaa.
Nikamwita mama. "Anapiga," nikamwambia. "Mama, tazama mguu. Anapiga."
Mama alitazama. Alishika mdomo kwa mikono miwili.
"Unajuaje ni muziki?"
"Najua huu wimbo kuliko ninavyolijua jina langu. Ni yeye."
Wifi alikuwa mlangoni na beseni la maji. Akatazama mguu, akanitazama mimi, akaweka beseni chini, akaanza kukamua kitambaa.

Machi 25
Amepiga tena.

Machi 27
Tena. Mama amewaambia wagonjwa wote wa chumba, akiwemo wa kitanda cha pili, ambaye hasikii. "Mwanangu ni mpiga ngoma," anawaambia. "Mnaona? Yuko kazini."

Machi 31
Amepiga. Leo amechelewa kidogo kwenye mzunguko wa tatu. Hata zamani alikuwa akichelewa hapo. Nilikuwa nikimtania kwamba toazi lake linapanda basi linalofuata.
Mama amekula sahani nzima mbele yangu. Hakuwa amefanya hivyo tangu ajali.

Aprili 2
Mvua kubwa. Barabara ya hospitali imekatika, nikazunguka kwa miguu. Amepiga.

Aprili 6
Daktari ametuita tena. Ameeleza taratibu. Wamepima mara tatu. Hafumbui jicho kwa kuitwa, haondoi mkono kwa maumivu, hakuna ishara kwamba anasikia. Mapafu yameanza kuharibika. Kuna njia mbili: kuendelea na mashine hadi mwili wenyewe ushindwe kwa vidonda na homa, au kuiondoa, apewe dawa ili asiteseke, aondoke.
"Na mguu?" mama akasema.
"Mama, misuli inaweza kujikaza yenyewe baada ya ubongo kuumia. Inatokea sana."
Nikaingilia. Nilimweleza daktari kuhusu saba na mbili, gitaa na toazi, mapengo na kukutana. Nilitumia kalamu kugonga meza. Nilieleza vizuri, ni kazi yangu kueleza. Nikasema mshtuko wa misuli hauwezi kuujua mzunguko wa tatu.
Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi muziki huo siujui," akasema. "Vipimo vyangu havionyeshi kitu. Lakini sitamwondolea mtu mashine huku familia imegawanyika. Zungumzeni."
"Tuzungumze nini?" mama akasema. "Anapiga."
Wifi akasema polepole, "Mimi naona apumzike."
Hapo mama akasema maneno ambayo sitayaandika yote. La mwisho lilikuwa, "Bado kijana wewe, utapata mwingine. Mimi nitampata wapi?"
Wifi alinitazama, kana kwamba ilikuwa zamu yangu kusema. Nikatazama dirisha.

Aprili 9
Amepiga. Homa.

Aprili 11
Nimemkuta wifi nje kwenye mabomba, anafua mashuka ya Nyundo kwa mkono kwa sababu ya hospitali hayatoshi. Nikamwambia nilichokuwa nacho kooni.
"Wifi, ungejua huo mguu unasema nini, usingekuwa na haraka."
"Unasema nini?"
"Unasema yumo."
Akakung'uta shuka, maji yakanirukia. "Wewe unakuja saa ya kuona wagonjwa," akasema. "Unakaa na ngazi zako, unaondoka. Hebu nikuulize, mwandishi. Umewahi kumgeuza kitandani?"
Sijawahi. Nikamwambia kumgeuza si kumjua.
"Haya," akasema. "Wewe unamjua." Akaendelea kufua.
Niliondoka nikiwa nimemhesabu kuwa mtu baridi. Nimeandika habari za wajane wengi, nikajiona najua sura zao.

Aprili 14
Amepiga. Amekonda hata pete haikai. Mama ameifunga kwa uzi.

Aprili 17
Leo mama alikuwa ananisimulia jambo, sikusikia wimbo wa nne ukiisha. Siku zote nikiwa hapa huwa naurudisha mwanzo, kwa sababu muda ni mfupi. Leo uliachiwa ukaingia wa tano.
Wimbo wa tano hauna ngoma. Ni kinanda peke yake, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na unaenda hivyo kitambo kirefu. Ni wimbo ambao Nyundo alikuwa anausikiliza miguu juu, anasema ndio mapumziko ya fundi.
Mguu haukupumzika. Uliendelea, mwendo uleule.
Nikamtoa spika sikioni. Uliendelea. Nikazima simu. Uliendelea. Nikasimama, nikaondoa mkono kitandani, nikasubiri. Ukapungua, ukatulia. Nikaegemea tena kitanda bila muziki wowote, kama ninavyoegemea kila siku nimfikie sikio. Ukaanza.
Muuguzi alikuwa anabadilisha chupa ya kitanda cha tatu. "Huo mguu?" akasema. "Ukigusa kitanda tu. Hata sisi asubuhi tukimgeuza, unatupiga mateke." Akacheka kwa wema.
Mama, ambaye hakumsikia vizuri kwa kelele za mvua, aliuliza, "Anasema nini?"
"Anasema mguu una nguvu," nikasema.

Aprili 18
Nimerudia, mara nyingi kadiri muda ulivyoruhusu. Vilevile.

Aprili 19
Sikwenda kazini. Nimekaa na ile ya ngazi mezani bila kuisikiliza.
Kosa liko hivi. Mtu ambaye hajui muziki huu angeona mguu unaogonga mbili mbili chini ya wimbo unaohesabu saba, akasema: hauendani. Angekuwa sahihi papo hapo. Ilihitajika mtu anayeupenda, anayejua kwamba kutoendana huko ndiko ufundi wenyewe, ili mshtuko wa misuli ugeuzwe kuwa mpigaji hodari. Kitu chochote kinachogonga sawasawa kitakutana na saba, mapema au baadaye. Bomba linalovuja lingekutana nayo. Walipokutana, nilihesabu. Wasipokutana, nilisema amechelewa, kama kawaida yake.
Nisingekubali chanzo kimoja kwa habari ya mwizi wa kuku.
Alasiri nikamfuata wifi kwenye mabomba. Nikamwambia yote. Hakuacha kukamua.
"Nilijua," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu kabla hujaleta huo muziki. Nikimbadilisha shuka unapiga. Nikimpaka mafuta unapiga. Nikiweka beseni kitandani unapiga."
"Kwa nini hukusema? Hata mbele ya daktari?"
Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Niseme, mniambie nataka afe? Si mlisema bila mimi kusema?" Akatundika shuka, akalinyoosha ncha zote mbili. "Na mama alikuwa ameanza kula. Nikasema nimwache ale kidogo."
Nikashika ncha ya shuka la pili.
"Mimi kwa mama siendi," akasema. "Uliyempelekea maneno hayo ni wewe."

Aprili 20
Sikuweza.

Aprili 21
Nilikwenda kwa mama asubuhi. Alikuwa jikoni, ametandaza nguo za Nyundo, zile za kazi zenye matundu ya cheche. Anazitia viraka.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Kaa. Huu mkono nimeushona ukatoka mfupi, ataniuliza."
Nikakaa. Nikasema moja kwa moja, kwa sababu sijui njia nyingine. Nikasema mguu haupigi muziki. Nikasema kitanda kikiguswa, mguu unaruka, muziki uwepo au usiwepo. Nikasema nimejaribu mara nyingi na nimekosea.
Hakuinua kichwa. Alivuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno.
"Wewe ndiye uliyeniita," akasema. "Nilikuwa nimekaa zangu sakafuni, nimeshaanza kumlilia. Ukaniita. Ukaniambia mama tazama, anapiga."
"Ndiyo, mama."
"Nikakuuliza unajuaje."
"Ndiyo."
"Ukasema unajua kuliko jina lako."
"Ndiyo."
"Sasa umekuja kuniambia hapigi. Nikuamini lini, mwanangu? Siku ile au leo?"
"Leo."
"Daktari ningembishia mpaka kiama," akasema. "Yule si mtoto wangu." Akaiweka sindano kwenye kola ya nguo yake. Mikono ikabaki mapajani, imefunguka, kama ya mtu anayesubiri kupokea kitu. "Mwanamke yule. Mkewe. Alijua?"
"Alijua."
"Na nilimtukana."
"Ndiyo, mama."
Mvua ilipiga bati mpaka tukashindwa kusikilizana, na hakuna aliyetaka kupaza sauti.

Aprili 22
Mama amekwenda mwenyewe kwenye mabomba. Sikuwa karibu, sikusikia. Niliwaona wamebeba beseni moja, kila mmoja upande wake.

Aprili 25
Tulikubaliana watatu, tukamwambia daktari. Leo walianza na dawa. Daktari alieleza kila sindano kabla ya kuichoma. Ya kwanza ilikuwa ya kuzuia misuli isijikaze. Mguu ukatulia. Mama aliushika unyayo kwa viganja viwili, akautikisa, akaegemea kitanda kwa uzito wake wote. Haukujibu. Nadhani hapo ndipo kwake alipokufa.
Wifi akaniambia, "Weka muziki wake."
"Ulikuwa huupendi."
"Siupendi hata sasa. Weka."
Nikaweka bila spika za masikioni, kwa sauti ya chini, kuanzia wimbo wa kwanza. Muuguzi wa zamu alikunja uso, kisha akafunga pazia. Wakaitoa mashine.
Daktari alikuwa amesema inaweza kuwa dakika au saa. Nyundo alipumua mwenyewe, kwa mbali, kwa mapengo yasiyo na mpango. Nilijikuta nayahesabu, nikajilazimisha kuacha. Wimbo wa nne ulipita na shuka halikutikisika. Mama hakuuliza ndio upi. Wa tano ukapita. Wa nane ni mrefu. Magitaa yote yanapanda pamoja, ngazi kwa ngazi, na kila ukidhani wamefika juu wanaongeza nyingine. Hawafiki. Unakatika tu.
Ukakatika. Yeye alikuwa bado anapumua.
Hilo sikulitarajia. Tulibaki na sauti ya ufagio wa mfanyakazi wa usafi na ya koo la Nyundo. Wifi akalowesha kitambaa, akamfuta midomo. Hakuna aliyesema niweke tena. Aliondoka katika ukimya huo, wifi akiwa bado anamfuta. Ilibidi muuguzi amshike mkono ili aache.

Aprili 27
Tumezika. Kaburi lilijaa maji, wakayachota kwa ndoo kabla ya kumshusha.

Mei 3
Wifi ameuza ngoma. Ameniuliza kwanza. Nikasema auze.

Mei 10
Mhariri kaniita ofisini, kafunga mlango. "Pole sana. Ile ya albamu, naweza kumpa mwingine."
"Mpe."
"Au uandike hii. Mdogo wako, muziki, hospitali. Watu watalia."
"Ndiyo maana sitaiandika," nikasema, nikarudi kwenye meza yangu. Kulikuwa na habari ya daraja.

Mei 21
Mvua imekoma wiki hii. Ukuta wa chumba changu umebaki na mstari wa unyevu unaofika kiunoni.
Leo nimeiweka ile ya ngazi, nikiwa peke yangu, mchana, madirisha wazi. Nilitaka kujua kama kuna kitu kimebaki humo. Nyimbo tatu za kwanza ziko kama zilivyokuwa. Ni nzuri. Mpiga besi ana kosa dogo kwenye wa pili, ambalo waliliacha makusudi, na bado linanifanya nitabasamu.
Wa nne ukaanza. Gitaa likahesabu saba. Kisha toazi likaingia, na halikuwa toazi. Ulikuwa unyayo chini ya shuka, unashuka, unapanda, sawasawa, haujui kitu, haumsikii mtu. Mzunguko wa pili ukaangukia mapengoni. Nikashika pumzi.
Walikutana, kama siku zote. Nikazima.